Waliongoja Kurudi: Wakimbizi wa Bohemia Baada ya 1620

Somo la vikundi vya nyumbani. Kabla ya kuanza tusome Yeremia 28 yote, kisha Yeremia 29:1-14.



Katika kikundi chetu yuko mama mmoja mtu mzima ambaye mwanawe alitaka kupanda mwembe nyuma ya nyumba. Mama akakataa kabisa. Alisema mwembe ni mti wa mtu anayebaki. Mahindi na maharage sawa, maana mtu huvuna akaondoka, lakini mwembe ukiupanda leo umekwisha kukiri kwamba hurudi kwenu. Jioni ile tuliacha somo tukabishana mpaka giza likaingia. Wako waliosema mama ana imani kuliko sisi sote. Wengine walisema huu ni mwaka wa ngapi sasa, na watoto hawana kivuli wala tunda.

Mimi sikuwa na jibu. Lakini nilikumbuka habari za Wakristo fulani wa Ulaya niliozisikia zamani katika chuo cha Biblia, nikarudi kuzisoma upya. Walisimama dhidi ya mfalme wao, wakashindwa, wakafukuzwa, na wakakaa ugenini wakiulizana jambo hili hili la kubaki na kurudi. Nawaomba msitazamie mwisho mtamu. Karibu wote waliofukuzwa walifia ugenini.

Dirisha la Praha

Bohemia na Moravia ni nchi za Wacheki, katikati ya Ulaya. Mafundisho ya matengenezo ya Kanisa yalikuwapo huko kabla ya Martin Luther. Jan Hus, mhubiri wa Praha, alichomwa moto mwaka 1415, na mwaka 1457 baadhi ya waliofuata njia yake walianzisha ushirika ulioitwa Umoja wa Ndugu. Kufikia miaka ya 1600 watu wengi wa nchi hizo walikuwa Waprotestanti wa namna mbalimbali, lakini ukoo uliowatawala, ukoo wa Habsburg, ulikuwa Mkatoliki. Mwaka 1609 Kaisari Rudolf II aliwaandikia hati ya kuwapa uhuru wa kuabudu. Walioitunza hati hiyo waliamini kwamba karatasi yenye muhuri itawalinda. Ndugu zangu, sisi tunajua karatasi zenye muhuri.

Baada ya miaka michache makanisa mawili ya Waprotestanti, katika miji ya Broumov na Hrob, yalipigwa marufuku, moja likafungwa na jingine likabomolewa. Tarehe 23 Mei 1618 mabwana wa Kiprotestanti walipanda ngome ya Praha kwa hasira, wakawakamata wawakilishi wawili wa mfalme, Vilém Slavata na Jaroslav Martinic, pamoja na karani wao, wakawatupa nje kwa dirisha la ghorofani. Wote watatu walipona. Wakatoliki walisema Bikira Maria amewadaka, na baadaye watu wengine wakasema wameangukia jalala la samadi. Mnaweza kucheka, lakini kutoka dirisha lile vilianza vita vya miaka 30.

Lazima niseme pia yale ambayo wenzetu Waprotestanti walifanya walipokuwa na nguvu, maana hadithi ya upande mmoja haimfundishi mtu. Waliwafukuza mapadri Wajesuiti nchini. Wakamkataa mfalme wao Ferdinand, wakamwita Frederick wa Palatinate kutoka Ujerumani aje atawale, kwa kuwa alikuwa mkwe wa mfalme wa Uingereza nao walitumaini Uingereza italeta jeshi. Jeshi la kutosha halikuja. Frederick alitawazwa Novemba 1619, na mwezi uliofuata mhubiri wake akaamuru sanamu na madhabahu za kanisa kuu la Mtakatifu Vitus zivunjwe. Wenyeji wengi wa Praha, hata wasiokuwa Wakatoliki, walichukizwa.

Tarehe 8 Novemba 1620, juu ya kilima kiitwacho Mlima Mweupe, karibu na Praha, jeshi la waasi lilipigwa. Vita havikumaliza hata saa mbili. Kesho yake Frederick aliondoka mjini na familia yake. Watu wakampa jina la dhihaka, Mfalme wa Majira ya Baridi, kwa sababu utawala wake ulikuwa kama kipupwe kimoja tu. Aliyeletwa kuwaokoa alikimbia kabla ya wale aliokuja kuwaokoa.

Yaliyofuata

Kwa miezi kadhaa mambo yalitulia, na viongozi wengi walibaki nyumbani wakidhani watasamehewa. Mmoja wao, mzee Václav Budovec wa Umoja wa Ndugu, aliipeleka familia yake mahali pa salama kisha akarudi Praha mwenyewe. Alikamatwa. Asubuhi ya tarehe 21 Juni 1621, katika uwanja wa Mji wa Kale, watu 27 waliuawa mmoja baada ya mwingine. Mabwana wakubwa walikuwa 3, mabwana wadogo 7 na watu wa miji 17. Ngoma zilipigwa ili maneno yao ya mwisho yasisikike. Daktari Jan Jesenius, mkuu wa chuo kikuu, alikatwa ulimi kwanza. Na katika wale 27 alikuwamo Mkatoliki mmoja, Diviš Černín, aliyekuwa msimamizi wa ngome siku ya dirisha. Vichwa 12 vilitundikwa juu ya mnara wa daraja, vikakaa hapo miaka 10. Wazazi waliokwenda sokoni na watoto wao walipita chini yake.

Lakini mauaji hayo yalikuwa ya siku moja. Kilichowavunja watu ni yale yaliyokuja polepole.

Kwanza ilikuwa mali. Mamia ya wenye ardhi walinyang'anywa mashamba yote au sehemu yake. Wengine waliahidiwa fidia, na hapo pana hila ambayo ningependa mwitazame vizuri. Mwaka 1622 kikundi cha wakubwa na matajiri, akiwamo gavana mwenyewe Karl von Liechtenstein na jemadari Wallenstein, walipewa haki ya kutengeneza fedha ya nchi. Wakapunguza madini ya fedha ndani ya sarafu na kuongeza shaba. Kwa sarafu hizo nyepesi walinunua mashamba yaliyonyang'anywa, na waliodai fidia walilipwa kwa sarafu hizo hizo. Mwisho wa 1623 serikali ikatangaza kwamba sarafu zile zimepoteza karibu thamani yake yote. Aliyekuwa ameuza shamba akajikuta ameshika mfuko wa vipande vya shaba.

Kisha walifukuzwa wachungaji, mmoja mmoja mji kwa mji, na kufikia 1624 wote walitakiwa kuondoka. Raia wa mijini asiyekubali kuwa Mkatoliki hakuruhusiwa kufanya biashara wala kufunga ndoa. Askari walipelekwa kulala na kula katika nyumba za wakaidi mpaka wakubali. Mwaka 1627, kwa Bohemia, mabwana walipewa miezi sita wachague kugeuka au kuhama. Mwaka uliofuata ilikuwa zamu ya Moravia.

Wakulima hawakupewa hata kuchagua. Walikuwa mali ya shamba la bwana, na sheria haikuwaruhusu kuondoka. Wenye mali walitoka mchana na magari yao, nao maskini walitoroka usiku kwa njia za msituni au walibaki. Mara nyingi tunaposimulia ukimbizi tunawasahau waliobaki. Mtawakuta tena mbele katika habari hii, kwa hiyo wawekeni akilini.

Walienda wapi? Wengi walivuka mpaka wa kaskazini wakaingia Saksonia, katika miji kama Pirna, Zittau na Dresden. Wengine walienda Leszno katika Poland, na wengine upande wa Hungaria. Idadi haijulikani vizuri. Slavata, yule aliyetupwa dirishani, baadaye alitaja familia 36,000, na wanahistoria wa leo wanaona hesabu hiyo huenda imezidi.

Napenda mjue pia habari za Karel wa Žerotín, bwana mkubwa wa Moravia na mshirika wa Umoja wa Ndugu. Tangu mwanzo aliyakataa maasi. Aliona hayatafanikiwa, tena alikuwa amemwapia mfalme. Wenzake wakamwita msaliti. Maasi yaliposhindwa, hakuadhibiwa, naye akatumia usalama wake kuwaficha wachungaji waliokuwa wakitafutwa, hata wale waliomtukana. Mwishowe agizo la kuhama lilikuja Moravia pia. Aliuza mashamba yake akahamia Wrocław. Aliyeasi na asiyeasi walivuka mpaka mmoja. Sijui kama hili linawafariji au linawaumiza, lakini wako kati yetu ambao hawakushika silaha wala kumtaja mtu kwa mwenzake, na wako hapa.

Mwalimu wa Leszno

Mmoja wa waliofichwa na Žerotín alikuwa mchungaji kijana wa mji wa Fulnek, Jan Amos Komenský, ambaye vitabu vingi vinamwita Comenius. Alizaliwa 1592. Mwaka 1621 alikimbia Fulnek akamwacha mkewe na watoto. Mwaka 1622 mkewe na watoto wao wawili walikufa kwa tauni, na mwaka 1623 vitabu vyake vilichomwa moto hadharani. Alijificha miaka kadhaa, akaoa tena, na Februari 1628 alivuka milima katika baridi pamoja na familia yake kwenda Leszno. Inasimuliwa kwamba mpakani alisimama akaiangalia nchi yake na kumwomba Mungu aache humo mbegu. Hakuikanyaga tena kuishi humo.

Leszno ilikuwa na bwana Mprotestanti aliyewapokea wageni. Comenius alifundisha shuleni, na huko alifanya kazi inayonigusa kuliko zote. Aliandika kwa Kicheki kitabu kikubwa juu ya namna ya kufundisha watoto, na kingine cha kumwongoza mama amlee mtoto mdogo kabla hajafika shule. Je, kwa nini kwa Kicheki, hali alikuwa Poland? Kwa sababu aliviandika kwa ajili ya shule za nyumbani, zitakazofunguliwa siku ya kurudi. Alitaka siku hiyo isiwakute mikono mitupu. Alifundisha kwamba watoto wote waende shule, wa kiume na wa kike, wa tajiri na wa maskini, nao wajifunze kwa kutazama na kugusa vitu kuliko kwa fimbo.

Siku ya kurudi ilifika kweli. Novemba 1631 jeshi la Saksonia liliingia Praha, na nyuma yake wakaja wakimbizi. Walivishusha vile vichwa vya mnarani wakavizika kwa heshima katika kanisa la Týn. Walidai nyumba zao, ambazo wengine walikuwa wanakaa humo. Wachungaji wakahubiri tena. Comenius aliandika kijitabu kuhusu namna ya kulijenga upya Kanisa. Mwezi Mei 1632 Wallenstein akautwaa tena mji. Ilikuwa miezi sita tu. Wakafunga mizigo mara ya pili, na waliokuwa wamejitokeza wakashangilia sasa walijulikana kwa majina na nyuso.

Baada ya hapo Comenius alikichukua kile kitabu cha Kicheki akakiandika upya kwa Kilatini, lugha ya wasomi wa nchi zote. Kilichoandikwa kwa shule za nyumbani kikaenda kwa watu wengine. Mwaka 1658 alichapisha kitabu cha watoto chenye picha, kila picha na majina ya vitu vilivyomo, nacho kilitumika mashuleni Ulaya kwa vizazi. Mtoto wetu anaposoma neno chini ya picha ya ng'ombe, anajifunza kwa njia aliyoieneza mkimbizi huyu.

Manabii wa kurudi

Sasa nafika mahali pagumu, na ndiyo sababu nilichagua Yeremia 28.

Wakimbizi hawa walikuwa na manabii. Alikuwapo Christoph Kotter, mtengenezaji ngozi wa Silesia, aliyeona maono kwamba Frederick atarudishiwa kiti chake. Alikuwapo binti mmoja, Krystyna Poniatowska, aliyeona maono kwa muda, kisha yakakoma, akaolewa na kuishi maisha ya kawaida. Na alikuwapo Mikuláš Drabík, mchungaji aliyefukuzwa Moravia, mwenzake Comenius tangu ujana, ambaye tangu 1638 alitabiri mfululizo kwamba ukoo wa Habsburg utaanguka na watu watarudi. Tarehe ikipita, alitoa nyingine.

Na Comenius aliwaamini! Msomi huyu, askofu wa Umoja wa Ndugu tangu 1632, alisafiri mwaka 1626 mpaka The Hague kumpelekea Frederick maono ya Kotter. Frederick alikufa 1632 bila kiti. Wako ndugu waliomwonya Comenius, lakini mwaka 1657 aliyachapisha maono ya wote watatu kwa kitabu. Drabík alikamatwa na kuuawa huko Pressburg mwaka 1671, na Habsburg waliendelea kutawala mpaka 1918.

Sisemi haya kumdharau. Mtu aliyezika mke na watoto wawili, akaona mashimo ya moto palipokuwa na vitabu vyake, akarudi nyuma kutoka mlango wa nyumbani mwaka 1632, mtu huyo akiambiwa na rafiki wa utotoni kwamba ni mwaka kesho, atafanya nini? Hanania naye aliwaambia watu wa Yuda miaka miwili. Neno lake lilikuwa tamu, na hekaluni watu walilisikia kwa furaha. Yeremia mwenyewe alimjibu amina, akitamani iwe hivyo, kabla hajatumwa kumwambia kuwa ni uongo. Alikuja na miaka 70. Mtu mzima aliyesikia miaka 70 alielewa kwamba yeye hayumo.

Hasara ya utabiri ule haikuwa kukata tamaa peke yake. Mwaka 1655 mfalme wa Uswidi aliivamia Poland, na Comenius, akiona kwamba huenda huyu ndiye mkombozi Mprotestanti aliyengojewa, aliandika sifa zake hadharani. Alikuwa mgeni katika nchi ya watu, naye akamsifu adui wa waliomkaribisha. Aprili 1656 jeshi la Poland liliichoma Leszno. Nyumba za wakimbizi ziliungua pamoja na za wenyeji. Comenius alipoteza maandiko yake, ukiwamo msamiati mkubwa wa Kicheki na Kilatini alioufanyia kazi zaidi ya miaka 40. Alikuwa na miaka 64 akawa mkimbizi upya, safari hii Amsterdam, ambako familia ya rafiki ilimtunza mpaka kifo chake mwaka 1670. Yeremia 29:7 inasema tuutafute usalama wa mji tuliohamishiwa. Leszno ndiyo mfano ninaoujua wa gharama ya kuusahau mstari huo.

Amani isiyowataja

Mwaka 1648 vita vya miaka 30 vilikwisha. Mwaka huo huo, kabla mkataba haujatiwa sahihi, jeshi la Uswidi liliteka upande mmoja wa Praha na kujaribu kuvuka daraja. Waliolizuia darajani ni watu wa Praha wenyewe, wakiwamo wanafunzi walioongozwa na Mjesuiti Jiří Plachý. Fikirini jambo hili. Miaka 28 ilikuwa imepita tangu Mlima Mweupe. Vijana wale walizaliwa baadaye, walikua Wakatoliki, na mji ulikuwa wao. Aliyewaza kurudi Praha ya 1620 hakuwa na mahali pa kurudi, kwa sababu Praha ile haikuwapo.

Mkataba wa amani ulitoa haki za ibada kwa Waprotestanti wa sehemu nyingi za Ujerumani, lakini kwa Bohemia na Moravia Kaisari alikataa. Wakimbizi hawakupata chochote. Comenius alimlalamikia kwa barua mkuu wa serikali ya Uswidi, Oxenstierna. Mwaka 1650 akaandika kitabu kifupi ambamo Umoja wa Ndugu unazungumza kama mama anayekufa na kuwagawia wanawe na majirani urithi wake. Aliona ushirika wake unakwisha, akaona afadhali kuandika wosia.

Waliobaki

Tuwarudie sasa wale wakulima. Kwa zaidi ya miaka 100 ziko familia katika vijiji vya Moravia zilizokwenda misa mchana na kusoma Biblia ya Kicheki ya Kralice usiku, wakiificha sakafuni au ukutani. Hawakuwa mashujaa wa kila siku. Wengi walisahau kidogo kidogo, na wengine wakawa Wakatoliki kwa moyo wao wote, jambo ambalo nalo ni halali kwao.

Mwaka 1722, miaka 102 baada ya vita vile, seremala Christian David aliwaongoza usiku ndugu wawili mafundi wa visu, Augustin na Jakob Neisser, na wake zao na watoto, kutoka Moravia mpaka Saksonia, katika shamba la bwana kijana Nikolaus von Zinzendorf. Christian David alizaliwa Mkatoliki. Tarehe 17 Juni walikata mti wa kwanza wa kujengea, na mahali hapo pakaitwa Herrnhut. Wakaja wengine. Kisha wakagombana! Kila kundi lilikuja na desturi zake na manung'uniko yake, mpaka ushirika ukakaribia kuvunjika. Hili nalo tunalijua, maana mtu akishatolewa kwao kitu kinachombakia ni jinsi walivyoimba kwao, na hawezi kumwachia mwingine hata hicho. Mwaka 1727 walikubaliana kanuni za kuishi pamoja, na tarehe 13 Agosti, katika Meza ya Bwana, walipatana kwa machozi. Ndipo walipoanza zamu za maombi, saa baada ya saa, zilizoendelea zaidi ya miaka 100.

Mwaka 1732 wawili wao, Leonard Dober na David Nitschmann, walitumwa kisiwa cha St. Thomas kuwahubiria Waafrika waliokuwa watumwa. Na mwaka 1735 Nitschmann aliwekwa wakfu kuwa askofu. Aliyemwekea mikono ni Daniel Ernst Jablonski, mjukuu wa Comenius, mtoto wa binti yake. Ule wosia wa 1650 ulikuwa umempata mrithi ambaye aliyeuandika hakumwona.

Wale wanaofahamu Tanzania wanajua yanakoelekea haya. Hao ndio Wamoravian. Walifika upande wa Ziwa Nyasa mwaka 1891 na kuanzisha Rungwe, na mwaka 1898 walichukua kazi ya Urambo, katika Unyamwezi. Miaka mingi baadaye, tangu 1972, wakimbizi wa Burundi walipokewa Ulyankulu, katika eneo hilo hilo la Tabora. Wenyeji waliowakuta makanisani huko walikuwa wana wa kanisa lililoanzishwa na wakimbizi.

Huko Bohemia uhuru wa kuabudu ulikuja Oktoba 1781, kwa amri ya Kaisari Joseph II. Makumi ya maelfu ya watu walijitokeza kujiandikisha kama Waprotestanti. Ilikuwa miaka 161 baada ya Mlima Mweupe. Umoja wa Ndugu haukuwamo katika orodha ya makanisa yaliyoruhusiwa.

Kwa vikundi

Naombeni, kabla ya maswali, tufungue pia Yeremia 32:6-15. Yeremia huyu aliyewaandikia waliohamishwa wajenge nyumba na kupanda bustani ugenini ndiye aliyenunua shamba kwao, Anathothi, wakati jeshi la Babeli limeuzunguka mji. Alilipa fedha mbele ya mashahidi, akaiweka hati katika chombo cha udongo ili idumu. Sura zote mbili ni za mtu mmoja. Kwa miaka mingi niliisoma moja nikairuka nyingine, kulingana na hali yangu siku hiyo.

Nilimsomea mama yule habari hizi kabla ya kuzileta hapa. Alisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza kama Comenius alizikwa kwao. Nikamwambia hapana, alizikwa Naarden, Uholanzi. Akanyamaza kidogo. Mwembe bado amekataa, lakini mwanawe ameruhusiwa mipapai miwili, kwa kuwa mpapai huzaa upesi.

Zungumzeni haya. Katika nyumba yenu, nani anajua mipaka ya shamba la kwenu na majina ya majirani waliolipakana, na watoto wamefundishwa? Akija mtu kwenye kikundi na tarehe ya kurudi aliyopewa kwa maono, mtamjibuje bila kumwaibisha na bila kumdanganya mnayempenda? Wenyeji wanaotuzunguka wana shida gani mwaka huu ambayo hatujaiombea hata mara moja? Na wale waliobaki nyumbani, ambao baadhi yetu tunawaita wasaliti kwa sababu tu walibaki, ni lini tulipata habari zao mara ya mwisho?